Ua ndani ya bidoni: si anasa, na si kusahau kwetu

Maua hayaliwi. Ndivyo wengi wanavyosema katika kartye za Goma wakimwona mtu aliyekimbia vita anamwagilia ua mbele ya chumba cha kupanga, au katika parseli ya jamaa aliyempokea. Wengine wanaongeza neno la pili, lenye uchungu zaidi: kwamba mwenye kupanda ua mahali pa ukimbizi amekwisha kukubali kubaki, na kwamba amesahau shamba lake la Masisi, la Rutshuru au la Nyiragongo.

Maneno hayo mawili hayatoki kwa watu wabaya. Yanatoka kwa watu wenye njaa na wenye hamu ya kurudi kwao. Kwa hiyo yanastahili kujibiwa kwa heshima. Na jibu linaweza kupatikana katika ua moja ambalo familia nyingi zinalijua kwa macho hata kama hazilijui kwa jina: krisantemi.

Krisantemi ni ua la petali nyingi zilizopangana. Kuna nyeupe, za manjano, za zambarau, na nyingine zenye rangi ya shaba. Majani yake yamekatwakatwa pembeni, na mtu akiyasugua kwa vidole yanatoa harufu kali kama ya dawa. Halipendi joto kali, ndiyo maana hewa ya Goma, mji ulio kwenye kimo cha karibu mita 1,500, inalifaa, na ya milima ya Masisi vilevile. Haliombi shamba. Linaishi vizuri ndani ya bidoni ya mafuta iliyopasuka, ndani ya kopo la maziwa, au ndani ya sufuria iliyotoboka.

Tuseme kwanza juu ya njaa. Hapo wenye kulaumu wana haki, na hakuna sababu ya kuwabishia. Chakula ni cha kwanza. Parseli za Goma ni finyu, na nyingi zimekaa juu ya makoro. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mwezi wa kwanza 2002, ukarudi tena mwezi wa tano 2021 upande wa kaskazini. Mahali ambapo udongo umefunikwa na mawe meusi, kila shimo lenye udongo ni mali. Shimo hilo ni la lengalenga, la vitunguu, la sombe au la maboga. Mtu akimshauri mama mwenye watoto watano ang'oe lengalenga ili apande ua, huyo anamdhihaki.

Lakini ua ndani ya bidoni halikai kwenye shimo hilo. Linakaa juu ya makoro yenyewe, mahali ambapo hata haragi moja haliwezi kuota. Linakaa kando ya mlango, juu ya ukuta wa mawe, karibu na ngazi. Halimnyang'anyi mtu chakula. Kwa hiyo lawama ya kwamba maua yanakula ardhi ya chakula haimhusu mkimbizi mwenye bidoni moja.

Lawama hiyo inawahusu wengine, na historia ya eneo hili inaonyesha wazi. Krisantemi ina ndugu yake mmoja mashuhuri, pareto, ambayo wenye kusema Kifaransa huiita pyrèthre. Ua lake ni jeupe lenye moyo wa manjano, na ndani yake mna dawa ya kuua wadudu. Wakati wa ukoloni wa Wabeleji pareto ilipandwa katika nyanda za juu za Kivu ili iuzwe ng'ambo. Kule Rwanda, upande wa pili wa milima ileile ya volkano, mwisho wa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za mbuga ya wanyama zilikatwa ili familia zipewe mashamba ya pareto. Hapo kweli ua lilikula ardhi. Anayetaka kupigana na maua yanayomeza ardhi aangalie kipimo hicho, asimwangalie mama mwenye bidoni ya lita tano.

Baada ya ardhi yanakuja maji, na hili ni jambo zito zaidi. Goma iko kando ya ziwa Kivu, lakini maji safi ni shida katika kartye nyingi. Watoto wanapanga mistari na mabidoni tangu asubuhi mapema, na familia zinanunua maji kwa wachuuzi. Katika hali hiyo, kumwagia ua maji ya kunywa ni kosa. Ila kila jiko lina maji ya pili: yale yaliyosafisha viazi, yale yaliyooshea maharagi kabla ya kupikwa, yale ya kusuuza mboga. Maji hayo kwa kawaida yanamwagwa njiani. Krisantemi moja ndani ya bidoni ndogo inatosheka na kikombe kimoja au viwili kwa siku wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua mara nyingi haihitaji hata kimoja. Yenye sabuni nyingi au chumvi hayafai. Kama nyumba haina hata maji hayo ya pili, basi wakati wa ua haujafika kwa nyumba hiyo, na hakuna aibu.

Neno la pili, lile la kusahau kwetu, linahitaji jibu la ndani zaidi. Kuna watu ambao miaka imepita bila wao kupanda kitu chochote, hata pale walipopewa nafasi, kwa sababu mkono unakataa. Kupanda ni kungoja, na wao hawataki kungojea hapa. Wengine wamehamishwa zaidi ya mara moja. Walitoka kijijini wakaenda kambini, kisha mwanzoni mwa 2025 kambi za kandokando ya Goma zikavunjwa, wakatawanyika: wengine walirudi kwenye vijiji vilivyoharibika, wengine wakaingia katika familia za kupokea. Mtu aliyeng'olewa mara tatu ana haki ya kuogopa kutia mizizi.

Ila krisantemi ni mmea wa mtu wa safari. Haihitaji kuachwa. Anayelazimika kuondoka anaweza kukata vipande vitatu vyenye urefu wa kidole, akavifunga katika kitambaa chenye maji, akavitia katika sashe, na baada ya siku mbili au tatu akavipanda mahali pengine. Ua litakalotoka huko litakuwa lilelile, rangi ileile, kwa sababu kipande si mbegu; ni mmea wenyewe unaoendelea. Muhindi unaachwa shambani. Mgomba unaachwa. Nyumba inaachwa. Ua hili linaweza kwenda na mwenyewe hadi siku ya kurudi, likapandwa mbele ya mlango wa kwao. Mwenye kulipanda hajasema kwamba amebaki. Amepanda kitu anachoweza kukichukua.

Kuna pia suala la mwenye parseli. Wapangaji wengi hawapandi kitu kwa kuogopa kwamba watakapofukuzwa, kazi yao itabaki mikononi mwa mwingine. Bidoni inaondoa woga huo. Udongo ni wa mpangaji, chombo ni chake, ua ni lake.

Wako pia Wakristo, hasa wazee waliosoma kwa mapadri, wanaokataa krisantemi kwa sababu nyingine. Wanasema ni ua la makaburi, na kuliweka nyumbani ni kuita kifo. Desturi hiyo ni ya kweli, lakini ni ya Ufaransa na Ubeleji. Kule, tarehe 1 na 2 mwezi wa kumi na moja, watu wanapeleka krisantemi makaburini, na desturi hiyo ilipata nguvu sana baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Sababu yenyewe ni rahisi: Ulaya krisantemi inachanua mwisho wa mwaka, wakati maua mengine yamekwisha kufa kwa baridi. Lilikuwa ua lililopatikana siku hiyo. Kule China, ambako krisantemi ilianza kulimwa zamani sana, ni ua la maisha marefu, na kuna aina ambazo maua yake hukaushwa yakatiwa katika chai. Kule Japani liko katika alama ya mfalme, lenye petali 16. Ua ni lilelile. Watu ndio wanaolipa maana, na watu wa Kivu nao wana haki ya kulipa yao.

Tena Kongo ina siku yake. Tarehe 1 mwezi wa nane ni sikukuu ya wazazi: asubuhi watu wanakwenda kusafisha makaburi ya wazee wao, na baadaye wanawaheshimu wazazi walio hai kwa chakula na zawadi. Kwa familia zilizokimbia, asubuhi ya siku hiyo ni ngumu kuliko siku nyingine. Makaburi yako nyuma, kwenye vilima ambavyo hawawezi kuvifikia. Majani yameota juu yake, na hakuna wa kuyakata. Haya si mambo ya anasa. Mtu asiyeweza kusafisha kaburi la mama yake anabeba deni, na deni hilo halilipwi kwa unga wala kwa shitingi.

Hapo ndipo ua la bidoni linapopata kazi yake. Familia inaweza kuliweka asubuhi hiyo kando ya picha ya marehemu, au juu ya meza ya sala, au mlangoni tu, na jina la marehemu likatajwa mbele ya watoto. Mchana, ua lilelile likatolewa kwa bibi au babu aliye hai. Halichukui nafasi ya kaburi. Linawapa watoto waliozaliwa katika ukimbizi nafasi ya kusikia kwamba kuna kaburi mahali fulani, kwamba kuna kijiji, na kwamba siku moja kazi ya kulisafisha itakuwa yao. Je, huko ni kusahau kwetu?

Anayetaka kuanza hahitaji feza nyingi. Wauzaji wa miche kandokando ya barabara wanayo, lakini njia rahisi zaidi ni kumwomba jirani. Krisantemi iliyomaliza kuchanua hutoa machipukizi mapya chini, karibu na udongo. Yakatwe marefu ya sentimita 7 hadi 10, majani ya chini yaondolewe, kisha yachomekwe katika udongo mwepesi wenye mchanga. Yakae kivulini, udongo uwe na unyevu bila kulowa sana. Katika majuma mawili au matatu mizizi inatoka. Hakuna jirani anayepata hasara kwa kutoa machipukizi matatu. Mmea wake unapona haraka.

Bidoni ikatwe upande wa juu na itobolewe mashimo manne au matano chini. Hili ni la lazima, kwa sababu krisantemi inakufa upesi kwa maji yaliyotuama kuliko kwa kiu. Bidoni iinuliwe juu ya vipande viwili vya makoro ili maji yapate njia ya kutoka. Udongo mweusi wa volkano ni mzuri, ukichanganywa na mbolea ya sungura, ya kuku au ya dende iliyooza kabisa. Mbolea mbichi inaunguza mizizi.

Chombo kiwekwe mahali penye jua kwa saa tano au sita kwa siku. Mmea ukifika urefu wa sentimita 15 hivi, ncha yake ikatwe kwa kucha. Watu wengi wanaona huruma kufanya hivyo, lakini bila kukata ncha mmea unakuwa fimbo moja yenye maua machache juu. Ukikatwa, unatoa matawi, na kila tawi linaleta maua yake.

Kuna siri moja ya krisantemi ambayo wakaaji wa Kivu wanafaa kuijua. Ua hili linahesabu giza. Halichanui mpaka lipate usiku mrefu. Ndiyo sababu Ulaya linangoja mwisho wa mwaka. Goma iko karibu na ikweta, chini ya digrii mbili upande wa kusini, na hapa mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, saa 12 kwa saa 12. Kwa krisantemi usiku huo unatosha. Basi hapa linaweza kuchanua mwezi wowote, majuma 8 hadi 10 tangu matawi yaanze kukua. Wakulima wakubwa wa Kenya, ambao nao wako ikweta, huwasha taa usiku juu ya krisantemi zao ili kuzichelewesha kuchanua mpaka mashina yarefuke. Funzo lake kwa nyumba ya kawaida ni hili: bidoni isiwekwe chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Mtu anaweza kungoja maua miezi mingi na kulaumu udongo, kumbe adui ni taa.

Wakati wa mvua, ugonjwa unaosumbua zaidi ni kutu nyeupe: madoa ya rangi ya njano juu ya jani, na vipele vyeupe chini yake. Majani hayo yatolewe mapema na yachomwe, yasitupwe kwenye mbolea. Maji yamwagwe chini kwenye udongo, asubuhi, si juu ya majani. Wale wadudu wadogo weusi au wa kijani wanaojaa kwenye ncha wanaweza kuondolewa kwa vidole au kwa maji yenye sabuni kidogo sana. Baada ya maua kukauka, mashina yakatwe karibu na udongo, na machipukizi mapya yachukuliwe ili kuanza upya. Mmea wa zamani unachoka. Ule wa kipande kipya ndio unaochanua vizuri.

Onyo moja ni la lazima, kwa sababu linahusu watoto. Krisantemi ya bustani si pareto. Aina za mapambo hazina nguvu ya kuua wadudu iliyo ndani ya pareto, na kuzisaga na kumpaka mtoto ili mbu wasimuume hakumkingi. Kunaweza hata kumletea vipele, kwa sababu utomvu wa krisantemi unawasha ngozi za watu wengine. Neti ibaki kitandani. Tena isipikwe kama chai eti kwa sababu Wachina wanakunywa. Wao wana aina zao za kunywa, na ua la barabarani halijulikani limepuliziwa dawa gani. Na aliye na pareto ya kweli asimwage dawa yake ziwani wala mtoni, maana inaua samaki, na inaua nyuki pia.

Baada ya hayo yote, swali linabaki kwa wale wenye uwezo wa kuamua. Wenye parseli wanaopangisha vyumba hawapotezi kitu wakiruhusu mabidoni mawili kando ya mlango. Mashefu wa kartye wanaohimiza usafi wanaweza kuona kwamba mahali penye ua watu wanaona haya kutupa takataka. Parokia na shule zenye uwanja zinaweza kutunza krisantemi mama chache, ili kila familia ipate kipande bila kununua. Na mashirika yanayogawa mbegu za mboga yafanye hivyo kwanza, kwa wingi zaidi kuliko sasa. Ua lisiwe kisingizio cha kupunguza msaada wa chakula. Familia yenye ua mlangoni bado ina njaa. Anayepita na kuona ua asihesabu kwamba shida imekwisha.

Hilo ndilo kosa kubwa zaidi kuliko kusema maua hayaliwi: kudhani kwamba mtu aliyepoteza nyumba hana tena haki ya kutaka kitu kingine isipokuwa unga, mafuta na shitingi. Watu waliotoka Masisi na Rutshuru walikuwa na nyua zenye maua kabla ya vita. Hawakufundishwa uzuri na mtu wa mji, na hawakuuacha njiani.

Kwa familia inayotaka kuwa na ua tarehe 1 mwezi wa nane, kipande kichomekwe udongoni katikati ya mwezi wa nne, wakati mvua bado inasaidia. Ncha ikatwe karibu na mwisho wa mwezi wa tano. Mwezi wa sita na wa saba, kiangazi kikiingia, kikombe cha maji ya jikoni kisisahauliwe, na kazi hiyo apewe mtoto mmoja wa nyumba, pamoja na jina la babu au bibi ambaye ua hilo linamngojea.